Kope Linaloshuka Mchana: Kuishi na Miasthenia Unguja na Pemba

Alfajiri anaamka mzima. Anasali, anafagia uwanja, anazungumza na watu na macho yake yako wazi. Ikifika saa nane mchana kope moja limeshuka, nazi iliyo kwenye mbuzi anaiona mbili, na maneno yameanza kutokea puani. Anajilaza kwa saa moja, anainuka na nguvu zake. Jioni hali inarudi pale pale, mara hii na shingo haitaki kubeba kichwa.

Majirani wakiyaona hayo hawakosi la kusema. Anadeka. Mvivu wa kazi. Kapigwa jicho. Asubuhi mbona alikuwa anacheka? Na huko kupanda na kushuka kwa nguvu, ambako kunawafanya watu wamshuku mgonjwa, ndiko kunakoutambulisha ugonjwa wenyewe. Unaitwa miasthenia gravis, na anayemuuguza mwenye miasthenia akishajua jambo moja, saa, ameshajua nusu ya kazi: saa ya kidonge, saa ya kula, saa ya kupumzika, na saa ya kuacha kusubiri na kukimbilia hospitali.

Ugonjwa huu si wa misuli yenyewe wala si wa ubongo. Uko pale neva inapokutana na msuli. Neva hutoa kemikali iitwayo asetilkolini, na msuli una vipokezi vya kuipokea. Chukulia mashua zinazoingia diko: mashua zinafika kama kawaida, lakini gati nyingi zimezibwa au zimevunjwa, kwa hiyo zile chache zilizobaki hujaa haraka na shughuli inasimama. Anayeziba ni kinga ya mwili wa mgonjwa mwenyewe, kwa kutengeneza kingamwili zinazoshambulia vipokezi. Ndiyo maana msuli uliopumzika unafanya kazi, na uliotumika sana unagoma. Hakuna ganzi na hakuna kuchanganyikiwa. Akili iko timamu muda wote, hata pale ulimi unaposhindwa kulitoa neno. Nalisisitiza hili kwa sababu watu huanza kumsemea mgonjwa mbele yake kana kwamba hasikii.

Hauambukizi. Kwa kawaida haurithiwi moja kwa moja kutoka kwa mzazi. Katika nchi zilizouhesabu vizuri, wenye miasthenia hukadiriwa kuwa kati ya 150 na 250 katika kila watu milioni. Zanzibar ina watu takriban milioni 1.9 kwa sensa ya 2022. Hata ukikichukua kile kiwango cha chini ukakikata nusu, bado unapata zaidi ya mia moja, na wengi wao pengine wanahesabiwa kuwa na presha, kiharusi, upungufu wa damu au shetani.

Kiharusi ndicho kinachochanganywa nao zaidi. Kiharusi huja kwa ghafla na hakiondoki kwa kulala saa moja. Hata hivyo mdomo ukipinda ghafla au mkono ukalegea ghafla, mpelekeni hospitali papo hapo bila kujadiliana ni kipi kati ya viwili. Miasthenia hujitokeza kwa wiki na miezi, na kwa karibu nusu ya wagonjwa huanza machoni tu, kope na kuona vitu viwili viwili, kisha kwa wengi wao hushuka kwenye kutafuna, kumeza, shingo, mabega na mapaja ndani ya miaka miwili ya mwanzo.

Shida ya kwanza ni kwamba mgonjwa huonwa na daktari asubuhi, wakati kope limekaa mahali pake. Anarudishwa nyumbani na vitamini. Kwa hiyo nendeni na ushahidi. Mpigeni picha ya uso saa moja asubuhi na nyingine saa kumi jioni, mahali pamoja, mwanga ule ule, kwa siku kadhaa. Mrekodini video akisoma ukurasa mzima kwa sauti, ili isikike namna sauti inavyofifia kuelekea mwisho. Mbele ya daktari mwambieni atazame juu bila kupepesa kwa dakika moja au mbili. Mara nyingi kope hushuka mbele ya macho ya wote. Kipo na kipimo cha barafu: barafu iliyofungwa kwenye kitambaa au glavu huwekwa juu ya jicho lililofumbwa kwa dakika mbili, na kope likipanda milimita mbili au zaidi, ni dalili kubwa. Ni kipimo rahisi ambacho kituo chochote chenye friji kinaweza kukifanya, ila hakithibitishi peke yake.

Uthibitisho ni damu, kwa kutafuta kingamwili dhidi ya vipokezi vya asetilkolini. Kwa wenye ugonjwa ulioenea mwilini, takriban 85 kati ya 100 hukutwa nazo. Majibu yakiwa hasi hayaondoi ugonjwa. Hapo hutafutwa kingamwili za aina nyingine, au neva hupimwa kwa umeme. Kisha kifua kipigwe picha ya CT, kwa sababu mgonjwa mmoja katika kila saba hadi kumi ana uvimbe kwenye tezi ya thaimasi, nyuma ya mfupa wa kifua. Uvimbe huo huondolewa. Hata pasipo uvimbe, utafiti mkubwa uliotolewa mwaka 2016 ulionyesha kuwa kuiondoa tezi huwasaidia wagonjwa wengi wenye kingamwili hizo na kupunguza dozi ya dawa. Kwetu safari hii kwa kawaida huanzia hospitali ya wilaya au mkoa, ikapita Mnazi Mmoja, na mara nyingi ikaishia Dar es Salaam, Muhimbili, kwenye daktari bingwa wa mishipa ya fahamu. Ombeni rufaa kwa maandishi, na mkaseme wazi: "Daktari, tunashuku miasthenia." Kulitaja jina hakumvunjii daktari heshima.

Sasa kidonge. Mwaka 1934, Mary Walker, daktari katika hospitali moja ya Greenwich, London, alimchoma mgonjwa wake sindano ya fisostigmini, na kope likafunguka. Dawa tunayotumia leo, piridostigmini, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Mestinon, ni ya ukoo ule ule. Haiponyi na haiigusi kinga ya mwili. Inaichelewesha asetilkolini isivunjwe upesi, ili ipate nafasi kwenye vipokezi vichache vilivyobaki.

Kidonge cha kawaida kina miligramu 60. Madaktari wengi huanza na nusu kidonge mara tatu kwa siku na kupandisha polepole. Huanza kufanya kazi baada ya dakika 30 hadi 45 na nguvu yake hukaa saa tatu hadi nne. Kwenye tarakimu hizo mbili ndipo siku nzima inapopangwa. Kidonge kinatangulia, chakula kinafuata. Kwa anayemeza mara tatu, inaweza kuwa hivi: kidonge saa 12 na robo asubuhi, chai saa 1, kidonge saa 6 kasorobo mchana, chakula saa 6 na nusu, kidonge saa 12 na robo jioni, chakula cha usiku saa 1, baada ya magharibi. Tumbo likimkata, ale kipande kidogo cha boflo pamoja na kidonge. Kosa la kawaida ni kumpa kidonge pamoja na sahani ya wali: anatafuna wakati misuli haijapata kitu, anapaliwa, na dawa inakuja kufika kileleni sahani zikiwa zimeshaoshwa.

Kosa la pili ni kuongeza vidonge kila anapolegea. Dawa ikizidi, mate yanajaa mdomoni, machozi na jasho vinamtoka, tumbo linamsokota, anaharisha, misuli inachezacheza chini ya ngozi, mboni za macho zinakuwa ndogo, na mwisho misuli inalegea kwa wingi wa dawa wenyewe. Anayeuguza akiona ulegevu huo anaongeza kingine. Ikiwa miligramu 360 kwa siku hazitoshi, tiba inatakiwa kupangwa upya na bingwa. Na kidonge hiki huharibika kwa unyevu, na hewa yetu ya pwani ni unyevu mtupu. Kikae kwenye chupa au boksi lake, kifuniko kimefungwa. Kisihamishiwe kwenye kijikaratasi wala kuachwa juu ya dirisha.

Ili kuituliza kinga ya mwili yenyewe, wengi hupewa prednisoloni, na baadaye azathioprini. Prednisoloni ikianzwa kwa dozi kubwa inaweza kumlegeza mgonjwa zaidi katika wiki moja au mbili za mwanzo, ndiyo maana huanzwa kidogo kidogo au akiwa amelazwa. Familia isipoambiwa hili, inaitupa dawa siku ya tano. Na ikishatumika kwa wiki kadhaa haikatwi ghafla. Azathioprini huchukua miezi 6 hadi 12, pengine zaidi, kabla haijaonyesha faida, na damu hupimwa mara kwa mara, hasa miezi ya mwanzo.

Kabla ya dawa hizo mbili kuanzwa visiwani kwetu, pana swali ambalo familia inapaswa kuliuliza hata kama hakuna aliyelitaja: minyoo aina ya strongiloidi imeangaliwa? Minyoo hii huingia kupitia ngozi ya mguu usio na kiatu, huweza kukaa mwilini miaka mingi bila dalili, na ipo Unguja na Pemba. Kinga ikishushwa kwa prednisoloni inaweza kuzaana kwa wingi na kusambaa mwilini hadi kuua. Kipimo cha kawaida cha choo mara nyingi hakiioni. Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri, pale Wawi, Chake Chake, imefanya kazi kwa miaka mingi juu ya minyoo, kwa hiyo elimu ya jambo hili haiko mbali. Tiba yake ni ivermektini, dawa ya kumeza. Ulizeni na kuhusu kifua kikuu pia.

Kwenye chakula, jikoni kwetu kuna vya kusaidia na vya kuogopa. Pweza na nyama ya ng'ombe isiyoiva sawasawa huchosha taya kabla tonge halijawa tayari kumezwa. Urojo ni wa hatari kuliko unavyoonekana: mchuzi mwepesi unateleza kooni wakati bajia na vipande vya viazi bado vinataka kutafunwa, na koromeo dhaifu haliwezi kushughulikia mawili kwa mpigo. Kinachofaa ni chakula laini cha aina moja, chenye uzito kidogo: uji mzito, viazi vya kuponda, ndizi mbivu, samaki aliyetolewa miba na kuchanganywa na mchuzi mzito wa nazi. Kisiwe cha moto sana, maana joto hulegeza misuli. Mlo mkubwa uwe asubuhi au mchana. Akae wima, kidevu kimeinama kidogo kuelekea kifuani, kijiko kidogo, ameze mara mbili kabla ya kijiko kingine, na asizungumzishwe. Akimaliza abaki amekaa kwa nusu saa. Maji yakimtokea puani au akikohoa kila anapomeza, muoneni daktari wiki hiyo hiyo. Sauti ikiwa ya majimaji na mate yakawa hayamezeki, ni siku hiyo hiyo.

Linaloniuma kuliko yote ni dawa za magonjwa mengine. Mgonjwa wa miasthenia anaweza kuishi vizuri miaka mingi, akaingia kituoni kwa homa ya kawaida, akachomwa sindano ambayo mtu mwingine yeyote angepona nayo, na usiku akashindwa kupumua. Antibiotiki ya gentamisini na ndugu zake ni za kuepukwa. Siprofloksasini na jamii yake, vivyo hivyo. Azithromaisini na erithromaisini ni za tahadhari kubwa. Kwinini haifai kabisa, na ile soda chungu iitwayo toniki ina kwinini ndani yake. Klorokwini nayo ni ya kuogopwa. Dawa za presha na moyo za jamii ya propranololi na atenololi zinaweza kumlegeza, pamoja na matone ya macho ya timololi. Dawa za usingizi na za kulegeza misuli wakati wa upasuaji zinahitaji mtaalamu wa ganzi aliyeambiwa mapema.

Malaria isiachwe bila tiba, kwa sababu homa na maambukizi vyenyewe ndivyo vichochezi vikubwa vya hali kuwa mbaya. Lakini Zanzibar mwaka 2003 ilichagua artesuneti pamoja na amodiakwini kuwa tiba ya kwanza, na amodiakwini ni ya ukoo wa klorokwini. Kwa hiyo daktari aambiwe kabla hajaandika, aamue na amfuatilie mgonjwa kwa karibu. Kwa malaria kali, artesuneti ya sindano inapendelewa kuliko kwinini kwa wagonjwa wote, na kwa huyu zaidi. Maambukizi mengine mara nyingi yanaweza kutibiwa kwa amoksisilini au seftriaksoni, na maumivu kwa paracetamol.

Tengenezeni kadi. Jina la ugonjwa, dawa anazotumia na saa zake, dawa asizopewa, namba ya daktari wake na ya ndugu wawili. Majina ya dawa yanakiliwe herufi kwa herufi kama yalivyo kwenye boksi. Mwombeni daktari aandike na kupiga muhuri. Nakala moja ikae kwenye pochi, moja kwenye simu ya kila mtu mzima nyumbani. Ukifika kituoni au duka la dawa, hakuna haja ya kugombana: "Dokta, samahani, mama yangu ana ugonjwa huu, kuna dawa hazimfai. Naomba uitazame kadi hii kwanza." Sindano ikishavutwa kwenye bomba, sema tena.

Upumuaji hupimwa nyumbani bila mashine. Avute pumzi ndefu, ahesabu kwa sauti ya kawaida, namba mbili kwa sekunde, mpaka pumzi iishe. Mtu mzima mwenye afya hufika karibu 50. Kuanzia kumi na moja namba zetu ni ndefu na zinaharibu mwendo, basi ahesabu moja hadi kumi kisha arudie moja, nawe ushike makumi kwa vidole. Andikeni namba ya siku njema na mpime kila jioni wakati ule ule. Ikishuka sana chini ya kawaida yake, au ikaanguka chini ya 20, msingoje asubuhi. Msingoje pia ikiwa hawezi kumaliza sentensi kwa pumzi moja, hawezi kulala chali, au kikohozi hakina nguvu ya kutoa makohozi. Kile kifaa cha kubana kidoleni kupima oksijeni kinaweza kusoma 97 wakati misuli ya pumzi iko karibu kusimama, kwa kuwa oksijeni hushuka mwishoni kabisa. Mwambieni hivyo anayewapokea. Abebwe amekaa, asipewe kitu mdomoni ikiwa anapaliwa, na aende moja kwa moja kwenye hospitali yenye mashine ya kupumulia. Huko anaweza kuhitaji dawa ya mshipani ya kingamwili zilizotolewa kwa watu wengine, au kusafishwa plasma, yaani majimaji ya damu, na akishikiliwa vizuri wengi hutoka wakitembea. Kwa aliye Makunduchi au Micheweni, gari la usiku linapangwa mapema. Kwa aliye Kojani au Tumbatu, chombo cha kuvukia kwanza.

Mwanamke mwenye miasthenia huweza kubeba mimba na kujifungua. Ila kadi yake ya kliniki iandikwe kwa wino mwekundu: asipewe magnesiamu ya mshipani. Hiyo ndiyo dawa ya kawaida ya kifafa cha mimba, na kwake inaweza kusimamisha pumzi. Zipo dawa mbadala ambazo wodi inaweza kujiandaa nazo. Kati ya watoto 100 wa kina mama hawa, 10 hadi 20 huzaliwa na ulegevu wa muda, kunyonya kwa udhaifu na kilio hafifu, unaoonekana ndani ya siku tatu za mwanzo na kuisha kwa wiki kadhaa. Kwa hiyo azalie hospitali, na asiharakishwe kurudishwa nyumbani.

Ramadhani ndiyo inayozua machozi. Funga yetu ni takriban saa 13, na kidonge kinakaa saa tatu hadi nne. Ruhusa ya mgonjwa kutofunga iko wazi katika Surat al-Baqara, na kwa maradhi ya kudumu masheikh hufundisha fidia ya kumlisha maskini kwa kila siku. Mpelekeeni sheikh maelezo ya daktari, awazungumzie wazee wa nyumba, ili mgonjwa asilazimike kumeza dawa yake kwa kujificha chooni. Vivyo hivyo kwa kisomo na dua: viendelee, vinampa moyo. Ila kombe, yaani maji yaliyooshewa aya, anywe kidogo kidogo akiwa amekaa wima, wakati kidonge kinafanya kazi, maana ni majimaji kama maji mengine. Mafusho ya ubani asiwekewe usoni wala kufunikwa shuka juu yake; kifua dhaifu hakikohoi moshi. Na yeyote anayeagiza vidonge visimamishwe mpaka dawa yake ifanye kazi, mumuage kwa heshima.

Miezi ya kaskazi, Disemba hadi Machi, joto humfanya mbaya zaidi. Shughuli ziende asubuhi, kuoga maji ya baridi adhuhuri, feni na kivuli mchana. Kwa mtoto wa skuli, mwalimu aombwe mitihani iwe saa za mwanzo na amruhusu kuegemeza kichwa. Simu zipigwe asubuhi. Jioni asilazimishwe kuzungumza na wageni barazani; akiinua kiganja, inatosha kuwa salamu.

Asiwe mtu mmoja peke yake anayezijua saa hizi. Mara nyingi mzigo humwangukia binti mmoja, na siku akienda arusini Wete, kidonge cha jioni hupewa saa tatu usiku. Wawe wawili angalau, na ratiba ibandikwe ukutani kwa maandishi makubwa. Dawa ya akiba isipungue wiki mbili, kwa sababu kusi likikaza boti huahirishwa, na duka la karibu huenda halina piridostigmini. Mkisafiri kwenda Dar kliniki, dawa na kadi zikae kwenye mkoba anaoushika mwenyewe, zisiingie kwenye begi la mizigo, na kidonge kimezwe dakika 45 kabla ya kushuka bandarini, kwenye ngazi na foleni.